Sura ya Sita: Mtani Katika Nyumba ya Siki

Siku Parafujo alipoingia hakuna aliyemwona akiingia, na jambo hili limethibitishwa kwa kiapo na mashahidi wote ambao hawakuwepo. Wengine wanasema alikuja na maji ya kisima. Wengine wanasema alikuja ndani ya kipande cha muhogo ambacho bibi fulani alikitafuna kwanza, akakilainisha, ndipo akamtilia mjukuu wake mdomoni kwa mapenzi yote. Mjukuu huyo ndiye Mwenye Nyumba, Bi Zaituni. Wakati huo alikuwa na miaka miwili na meno manane, na nyumba yake, yaani ule mfuko wa chakula ulio tumboni mwake, ilikuwa bado mpya.

Nyumba hiyo haina madirisha. Katikati yake kuna ziwa la siki, siki kali kiasi kwamba hata mfupa wa samaki ukidondokea humo husahau kwamba uliwahi kuwa mfupa. Kinachoizuia siki isiile nyumba yenyewe ni ukuta, na kinachouzuia ukuta usiliwe ni ute mzito ambao wakandikaji huupaka kutoka kengele ya chakula hadi kengele ya chakula. Ndiyo kazi. Mkandikaji hupaka, huchoka, huanguka zikipita siku tatu au nne, na anayezaliwa mahali pake hurithi jina, zamu, na hatua mbili za ukuta za kusimamia. Hakuna likizo. Hakuna siku ya wazazi.

Mmoja wao aliitwa Sijaona. Sehemu yake ilikuwa ukuta wa chini, karibu na mlango unaoteremka Utumboni, na kushoto kwake alisimama dada yake Somoe, mpakaji hodari mwenye mdomo usio na kufuli. Hapa msomaji makini atanyoosha kidole: ikiwa mkandikaji huishi siku nne, imekuwaje Sijaona aishi sura nzima, tena yenye miaka arobaini ndani yake? Swali zuri sana. Msomaji huyo na apige magoti nje ya darasa mpaka jibu limjie. Sisi tuliobaki tutaendelea, tukikubali tu kwamba Sijaona alikufa mara maelfu, na kila alipokufa aliamka akiwa Sijaona, ana kovu lilelile gotini na wasiwasi uleule kichwani.

Wasiwasi wenyewe ulikuwa huu. Kama waliotangulia wote walikuwa mimi, basi mimi ni nani kati yao? Nikikosea leo, anakosea nani? Atakayezaliwa kesho nikamwachia jina langu, nitamwachia na kosa langu? Na kama kosa ni dogo sana, dogo kama punje ya chumvi, nalo likarithiwa mara elfu tatu, je, bado ni dogo?

"Kaka," Somoe alimwambia kila alipomwona amesimama vile, mikono inachuruzika ute, "paka kwanza, ujiulize baadaye."

"Baadaye ipi? Sisi tunaishi siku nne."

"Basi jiulize upesi."

Ni Somoe huyo aliyemgundua mgeni.

"Kaka, njoo uone. Kuna mtu kajilaza ndani ya ute wangu."

"Mtu gani?"

"Ningemjua ningekuita?"

Sijaona akachungulia. Chini ya ute, mgongo akilipa ziwa na uso akiupa ukuta, alilala kiumbe mwembamba aliyesokotwa kama parafujo, na nyuma yake mikia minne mitano ikichezacheza kama ncha za kamba. Kilichomshangaza Sijaona zaidi ni kwamba siki haikumgusa. Ilimkaribia ikapoa. Kila upande wake palikuwa na hewa ya namna yake, hewa tulivu, yenye harufu ya choo cha bweni la wavulana siku ya Jumatatu maji yakiwa yamekatika. Kwa harufu hiyo alijifunika kama shuka. Siki ikiipata, inalegea.

Monita mkuu wa ukuta akaitwa. Jina lake Likwata, na cheo alikipata kwa sababu ya sauti. Nyuma yake walikuja walinzi weupe, marungu begani.

"Wewe! Nani kakupa ruhusa ya kulala saa za kazi?"

"Shikamoo, monita," kiumbe akasema.

Likwata hakuwa amepewa shikamoo na mtu wa nje tangu nyumba ijengwe. Shingo ikamlegea. "Marahaba," akasema, kisha akakumbuka alikuja kufoka. "Wewe nani?"

"Hunijui? Hebu jitazame uso ulivyokunjamana, kama mtu aliyepewa ndimu akaambiwa ni chungwa! Watu wa siki nyie. Ndiyo maana hamwolewi. Nani atakwenda kubusu kachumbari?"

Kisha kule juu mtu akacheka, mwingine akadaka, kicheko kikashuka mstari hadi mstari mpaka kikamfikia Likwata mwenyewe, naye akajikuta anajifuta macho.

"Na wewe," akajibu, "umesokotwa kama utumbo wa kuku! Mama yako alikuzaa au alikukamua?"

"Ndiyo hivyo, mtani wangu!"

Mtani. Neno lilipotoka, mambo yakaisha. Hoja ya watu wa ukutani ilikwenda hivi: anayekutukana usoni bila kuogopa ni mtani, huyu katutukana usoni bila kuogopa, basi huyu ni mtani. Mwalimu yeyote angeipiga hoja hiyo mstari mwekundu, lakini pale hapakuwa na mwalimu. Palikuwa na desturi. Na desturi inasema mtani hafukuzwi, mtani hashitakiwi, mtani akiingia jikoni kwako akabeba chungu na nyama iliyomo, wewe cheka, na ukikasirika aibu ni yako.

Walinzi ndio hawakucheka. Walinzi hawana masikio ya utani. Waliinua marungu, wakapiga. Parafujo alikuwa chini ya ute, anateleza kama sabuni ndani ya ndoo, na kila rungu lililomkosa liliupata ukuta. Wakapiga tena. Ukuta ukavimba, ukawa mwekundu. Wakaitana, wakaja wengine, wakapiga pamoja kwa bidii iliyostahili zawadi.

"Wanampiga nani?" Sijaona aliuliza.

"Mtani," Somoe akasema, akijishika bega lililopata rungu.

"Mbona tunaoumia ni sisi?"

Kengele ya chakula ikalia. Ilipolia tena, ilikuwa imepita miaka arobaini.

Hili lilimchanganya Sijaona kuliko yote. Alikumbuka kuinua mkono kupaka, na mkono ulipofika ukutani ukuta ulikuwa mzee. Bi Zaituni, ambaye jana alikuwa na meno manane, leo sauti yake ilishuka kutoka juu ikiwa nzito, sauti ya mama mwenye wajukuu, ikilalamika kiungulia, ikilalamika kwamba akila vijiko vitatu anajisikia kama kala sufuria. Wakati mwingine alilamba magadi. Wakati mwingine alikunywa maziwa, na ziwa likageuka jeupe kwa muda, wakandikaji wakadhani ni sikukuu.

Na Parafujo alikuwa bado yupo. Hakuwa mmoja tena. Alikuwa maelfu, wote uso mmoja, wote wakijiita yeye. Utani wake aliuongezea mchezo: alikuwa na sindano ndogo, nyembamba kuliko unywele, na kila alipopita nyuma ya mkandikaji alimdunga ubavuni. Haikuuma. Ilitekenya. Aliyedungwa alicheka, na katikati ya kicheko, kwa muda mfupi kama wa kupepesa macho, alisahau alikuwa anafanya nini. Sijaona alidungwa mara nyingi. Kila mara alisikia ndani yake sauti isiyo yake ikimwuliza kwa upole: *Una hakika?*

Mara moja, mara moja tu, mambo yalikaribia kubadilika. Vidonge vilishuka. Vilitoka kwa daktari, vya siku kumi na nne, vya aina tatu: kimoja kiliwafunga mikono wapika siki, wale wanaolijaza ziwa, ili ukuta upumzike, viwili vilimwinda Parafujo mwenyewe chini ya ute alikojificha, mahali ambapo marungu hayakufika. Siku ya kwanza walikufa akina Parafujo mia. Siku ya tatu alibaki mmoja mmoja, hacheki. Siku ya tano uvimbe ukashuka, na Somoe akanyoosha bega lake akasema, "Kaka, haliumi."

Ndipo sauti ya Bi Zaituni ikasikika juu: "Alhamdulillahi, nimepona kabisa. Hivi vilivyobaki mpelekeeni Mama Tatu hapo jirani, naye analia tumbo."

Vidonge havikushuka tena. Siku ya sita Parafujo akatoa kichwa kwenye kona moja yenye giza, akajinyoosha, akatazama huku na huku.

"Mlidhani nimekwenda?" akasema. "Utani tu huo."

Walicheka. Sijaona hawezi kuwasamehe kicheko hicho, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni yeye mwenyewe.

Baada ya hapo wapika siki wakaanza kwisha. Walikuwa wamepigwa mno, na mpika siki akianguka hakuzaliwa mwingine. Vyumba vyao vikabaki vitupu, ukuta ukawa mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Ziwa likapoa. Watu wakashangilia: hakuna kuungua tena, maisha matamu. Likwata aliitisha paredi akatangaza kwamba hii ndiyo enzi ya amani, na akamshukuru mtani kwa mchango wake. Sijaona alisimama mstarini, akatazama ziwa. Nyumba ya siki isiyo na siki ni nyumba ya nini? Alijaribu kulifikiria jambo hilo mpaka mwisho, lakini kila alipokaribia mwisho alitekenywa ubavuni.

Asubuhi moja alimwambia dada yake, "Nipe ute, wangu umepungua."

Somoe hakugeuka. "Ute gani?"

"Wa kupaka ukuta."

"Ukuta gani? Hiyo si zamu yangu." Aligeuka, na Sijaona akaona juu ya uso wake zimeota nyuzi fupi fupi, laini, zimesimama kama manyoya ya brashi. Aliwahi kuziona nyuzi kama hizo mara moja tu, alipochungulia kwenye mlango wa chini. Ni nyuzi za watu wa Utumboni, wale wanaongojea chakula kilichokwisha lainika ili wakifyonze. Kazi njema, kazi ya heshima, ila ya huko.

"Somoe, hapa siyo Utumboni."

"Mbona mimi najiona nipo Utumboni?"

"Wewe ni mkandikaji. Ulizaliwa mkandikaji. Wewe ndiye uliyeniambia nipake kwanza nijiulize baadaye!"

Alimtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa anayeongea peke yake. "Mimi nilikwambia hivyo? Pole, ndugu yangu. Nadhani umenifananisha."

Ndugu yangu. Hakusema kaka. Sijaona aliketi chini, ute ukimkaukia mikononi. Hakuwa na hasira naye. Mtu hawezi kumkasirikia aliyechoka kupigwa katika kazi moja akajigeuza kuwa wa kazi nyingine. Alichoogopa ni kilichokuwa nyuma yake. Nyuma ya Somoe, pale konani, lilikuwa limeanza kundi. Hawakuwa wakandikaji, wala watu wa Utumboni. Hawakuwa na kazi. Kengele ikilia hawakusikia. Siku ya nne ikifika hawakuanguka; walikuwa wamesahau hata kufa. Waliongezeka wakipandiana mabegani, wakisukumana, wakiuliza wote kwa pamoja na bila kungoja jibu, sisi nani, sisi nani, sisi nani. Na kila siku walimkaribia dada yake hatua moja.

Akaenda kumtafuta Parafujo. Hakupata shida, alikuwa kila mahali.

"Mtani," Sijaona akasema.

"Naam, kachumbari yangu."

"Utani una pande mbili. Umekula kwetu miaka arobaini. Umebeba chungu, umebeba nyama, umembeba dada yangu. Sasa ni zamu yangu kuja kwako. Nielekeze kwenu, nije nichukue kuku."

Parafujo akacheka, kisha akaona Sijaona hacheki. "Kwetu?"

"Ukoo wako. Nyumba yenu. Mtani ana kwao."

"Kwetu ni..." Mikia yake ikatulia. "Kwetu ni hapa."

"Hapa ni kwetu."

"Sina pengine."

"Na tukifiwa? Kazi ya mtani ni msibani. Wafiwa wanalia, mtani anachimba kaburi huku anatania. Nyumba hii ikianguka, wewe utasimama wapi kututania?"

Parafujo akageuka. Alitazama ukuta mwembamba, akatazama kundi la konani, akawa kama mtoto aliyeulizwa swali la somo ambalo hakulisoma.

"Mimi sikutaka ifike huku," akasema polepole. "Mimi nilitaka mahali pa kulala tu."

"Basi wewe si mtani," Sijaona akasema. "Wewe ni ugonjwa."

Kulisema neno hilo kulikuwa jambo dogo. Kusikika kwake ukuta mzima kukawa jambo kubwa. Likwata alikohoa akatazama miguu yake. Lakini neno la mkandikaji haliui bakteria, na Sijaona alilijua hilo. Lilihitaji kufika juu, na yeye hakuwa na njia ya kufika juu.

Juu ndiko kulikomjia. Siku ile hakikushuka chakula. Kilishuka bomba jeusi, na mwishoni mwa bomba jicho, na kando ya jicho taa. Hakuna aliyewahi kuona nuru mle ndani. Sijaona aliona rangi ya mikono yake mwenyewe, akashtuka kwamba ina rangi.

"Tulia, mama, usimeze," ilisema sauti ngeni. "Naona uvimbe wa muda mrefu hapa. Na hapa ukuta umekonda. Ngoja... hii kona siipendi."

Mkono mdogo wa chuma ukatoka, ukafinya hapa, ukafinya pale, ukaondoka na vipande. Zikapita kengele ambazo hakuna aliyezihesabu. Kisha sauti ileile, taratibu, kama ya mtu aliyevuta kiti karibu:

"Bi Zaituni, wadudu wale wa tumboni wapo, bado hawajaisha. Na pale konani imeanza saratani. Nisikilize kwanza, mama. Ni changa, iko juu juu tu, haijazama. Tunaweza kuitoa bila kukupasua. Ila dawa utakunywa siku zote kumi na nne."

Kisha Bi Zaituni: "Zile za kwanza nilimpa Mama Tatu."

"Safari hii Mama Tatu aje mwenyewe apimwe."

Vidonge vikashuka siku kumi na nne, bila kuruka. Siku ya tisa Parafujo wa mwisho alipita mbele ya Sijaona, amenyooka, msokoto wote umemtoka, akafungua mdomo kana kwamba anatafuta tusi, akalikosa, akazama. Walinzi walishusha marungu. Ukuta ukapoteza wekundu. Wengi walidhani sasa kila aliyesahau atakumbuka, na Sijaona alidhani kuliko wote. Alikwenda mbio kwa Somoe.

"Somoe! Mimi nani?"

Alimtazama, nyuzi zake zikipepea. "Uso wako naujua," akasema. "Uliwahi kufanya kazi karibu na mimi?"

Jicho lilirudi. Safari hii mkono wa chuma ulikuwa na ncha ya moto, na kabla ya kukata chochote ulichora. Kitone cheusi ukutani, kisha kingine, kimoja kimoja, kulizunguka kundi la konani na kipande cha ukuta kilicholizunguka kundi. Sijaona aliviangalia vitone vikija upande wao. Akaomba vipite kushoto kwa dada yake. Vikaja. Kimoja kiliunguza mbele ya miguu ya Somoe. Kilichofuata kikaunguza kati yake na Sijaona, karibu kiasi kwamba moshi wake waliupumua wote wawili.

Yeye alikuwa nje ya duara. Dada yake alikuwa ndani.

"Vuka," akasema. "Ni hatua moja. Vuka!"

"Kuna nini huko?"

"Kuna ukuta. Kuna mimi."

Somoe aliinua mguu. Akautazama mguu wenyewe, kama asiyekumbuka miguu ni ya nini, akaurudisha. "Nikivuka nitakuwa nani?" akauliza, na hakuwa anatania. Alitaka kujua kweli. Sijaona alikuwa amejiuliza swali hilohilo maisha elfu nne. Ncha ya moto ikaanza kuzunguka. Akamshika mkono juu ya vitone. Walishikana mpaka mkono ule ukawa hauna mtu upande wa pili.

Kipande kikanyanyuliwa, kikapanda na taa, na giza la kawaida likarudi. Palibaki kidonda, kipana, chekundu, safi. Juu sana mtu alisema kingo za kipande kile hazina saratani, na mtu mwingine akalia, kilio cha mtu aliyepewa muda.

Sijaona alianza kupaka. Alipaka kutoka ukingoni kwenda ndani, pole pole, kwa ute wake mdogo. Siku ya tatu, kwenye ukingo ule, alizaliwa mpya. Uso wake ulikuwa laini, hauna nyuzi hata moja. Alitazama ziwa, akatazama ukuta, akamtazama aliyekuwa karibu.

"Mimi nani?" akauliza.

Jina lilikuwepo, halina mtu. Sijaona alilizungusha mdomoni. Hakujua limebeba nini. Hakujua kama kosa hukaa katika jina, au katika ukuta, au kwake yeye anayelitamka. Aliyezaliwa alikuwa anangoja, na wakandikaji hawangojei sana.

"Wewe ni Somoe," akasema.

Kisha akaitazama mikono ya aliyezaliwa, aone itafanya nini.